Kusimama na kukata kona: maswali ya wanaoanza skii

Majibu haya ni ya mtu mzima aliyehamia Minnesota, Munich au Zurich, au anayefanya kazi Dubai, ambaye mwaka huu ameamua hatakaa tena mkahawani akilinda majaketi ya wenzake. Yanahusu skii za kushuka mlima, yaani vile vipande virefu vinavyofungwa kwenye buti ili kuteleza juu ya theluji, na hasa mambo mawili: unavyosimama juu yake na unavyokata kona. Kama una haraka, anza na swali la mguu wa nje, kisha rudi juu.

Maneno machache kwanza. Mguu wa nje ni ule ulio upande wa nje wa kona: ukikata kona kushoto, ni mguu wa kulia. Kona ikiisha, mguu huohuo ndio unakuwa wa chini, ulio karibu na bonde. Mstari wa mteremko ni njia ambayo mpira ungeifuata ukiuachia. Kabari ni kuziweka skii ncha za mbele zikaribiane na mikia itanuke. Watoto kwenye madarasa huambiwa wafanye "pizza".

Nilimwona Philip Boit kwenye runinga miaka ile. Ni mchezo uleule?

Ni ndugu, si uleule. Boit wa Kenya alishindana kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998 katika skii za nyika, kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri pale mwishoni amkumbatie. Skii za nyika ni nyembamba, na kisigino kiko huru, hunyanyuka kila hatua. Katika skii za kushuka mlima kisigino kimefungwa, buti ni gumu hadi katikati ya muundi, na skii ina kingo za chuma. Upande huu Mkenya wa kumfahamu ni Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyehamia Austria akiwa mtoto mdogo, akafika Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018.

Tofauti ya kisigino ndiyo inayobadilisha kila kitu katika kusimama. Kisigino kikishafungwa, huwezi kupiga hatua ya mbele ili kujiokoa. Unachobaki nacho ni kuuweka mwili mahali pake juu ya skii tangu mwanzo.

Nisimame vipi?

Simama kama abiria wa daladala aliyekosa pa kushika: miguu imeachana kwa upana wa nyonga, magoti laini, macho mbele, mwili tayari kwa breki ambayo dereva hajaitangaza.

Sasa undani wake. Kukunja kuanzie kwenye vifundo vya miguu. Wengi hukunja magoti na kiuno peke yake, makalio yanarudi nyuma, na kwa macho yao wameinama vizuri kabisa. Kipimo cha kukunja sawasawa ni muundi: uguse ulimi wa buti kwa mbele muda wote, bila kuusukuma kwa nguvu. Ukiona kuna uwazi wa hata kidole kati ya muundi na ulimi, uko nyuma, haijalishi magoti yamekunjwa kiasi gani. Uzito usikie katikati ya unyayo, usiwe kwenye vidole wala kwenye kisigino. Mgongo ujipinde kidogo, mabega yalegee. Kichwa kitazame unakokwenda, mita 10 au zaidi mbele, kwa sababu ukitazama ncha za skii kiuno hukunjika chenyewe na mwili wote unafuata.

Ukitaka kujipima bila mwalimu, teleza polepole mahali karibu na tambarare kisha ruka kidogo, sentimita mbili tatu. Ukitua na skii nzima kwa pamoja, umesimama vizuri. Mikia ikitangulia kugusa, unajua la kufanya. Kipimo kingine ni kusogeza miguu mbele na nyuma kwa kupokezana huku unateleza. Aliyekaa nyuma hawezi, miguu inamgomea.

Lakini kuegemea nyuma si ndiko salama zaidi? Mlima unashuka mbele yangu!

Mwili wako unasema hivyo, na kwa ardhi kavu una haki. Ukishuka kilima chenye utelezi kwa miguu, unaegemea nyuma ili ukianguka uangukie makalio. Kwenye skii akili hiyohiyo inakuharibia.

Skii hugeuka kwa kuanzia mbele. Ncha ndiyo inayoshika theluji kwanza na kuipa skii nzima mwelekeo. Ukirudi nyuma, ncha inakuwa nyepesi, inaelea, haishiki kitu, na mkia uliokandamizwa unakwenda moja kwa moja. Skii inashika mstari wa mteremko na kuongeza kasi. Wewe unaogopa zaidi, unarudi nyuma zaidi, nayo inakimbia zaidi. Karibu kila anayepiga kelele "haisimami!" pale kwenye mteremko wa wanaoanza yuko ndani ya mzunguko huo. Breki anazo, ila amezinyanyua kutoka kwenye theluji.

Mapaja nayo ni mashahidi. Yakiwaka moto baada ya mita hamsini za mteremko mpole, tatizo halikuanzia kwenye pumzi wala mazoezi ya gimu. Umekaa nyuma, na misuli ya mapaja inabeba mzigo ambao mifupa ingeubeba bure kama ungesimama juu ya nyayo zako. Na magoti pia yako hatarini. Kuketi nyuma katikati ya skii zinazokwenda ni mojawapo ya njia zinazojulikana za kukata kano ya msalaba iliyo ndani ya goti.

Dawa yake si kujilazimisha kuwa jasiri. Nenda kwenye mteremko mpole kiasi kwamba hata ukiachia skii ziende moja kwa moja zitasimama zenyewe kwenye tambarare ya chini. Hapo hofu haina hoja, na mwili unakubali kusogea mbele. Watu wengi huondoka kwenye mteremko huo mapema mno. Mimi ningekaa hapo hadi nichoshwe, kisha ningekaa tena kidogo.

Mikono niifanye nini?

Iwe mbele yako, chini kidogo ya kifua, imetanuka kuliko mabega, mahali unapoweza kuiona bila kuitafuta. Mkono ukipotea machoni umerudi nyuma, na bega limeufuata, na nyonga imelifuata bega. Zoezi rahisi: shika fimbo zako mbili za skii, kama unazo, kwa mlalo mbele yako, mikono yote miwili, na ushuke nazo hivyo zikiwa zimelala sawa.

Buti zinanibana hadi natamani kulia. Ni kawaida?

Kubana ni kawaida, kuuma si kawaida. Vidole viguse mbele ukisimama wima, na viachie nafasi kidogo ukikunja magoti. Kisigino kisinyanyuke kabisa. Kinachowaponza wageni ni kulalamika kwa mhudumu wa duka la kukodishia hadi awape buti kubwa kwa namba moja au mbili. Miguu inastarehe, halafu mlimani mguu unaogelea ndani ya buti na skii haisikii amri.

Vaa soksi moja tu, nyembamba, ndefu. Soksi mbili hukunjana, huzuia damu, na mguu unaganda zaidi. Suruali ya ndani iishie juu ya buti, isiingie ndani. Unapovaa, piga kisigino chini mara kadhaa kikae nyuma kabisa, funga kwanza kifungo cha kwenye kifundo, kisha vingine.

Na ukiulizwa kilo zako, sema ukweli. Vifungio vinavyoshika buti kwenye skii hupimwa kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na kiwango chako cha ujuzi, ili viachie mguu ukianguka na visiachie ovyo ukiwa unakwenda. Ukijipunguzia kilo kwa aibu, au ukijiita mzoefu, unaharibu hesabu inayolinda miguu yako mwenyewe.

Naweza kufanya mazoezi nyumbani kabla ya safari?

Unaweza, na yanasaidia kuliko video. Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, asubuhi mguu huu, jioni ule. Ukizoea, fumba macho. Egemeza mgongo ukutani magoti yamekunjwa na ukae hivyo hadi mapaja yatetemeke. Ukiwa umekodi buti siku moja kabla, zivae sebuleni, kunja vifundo, hisi muundi ukigusa ulimi, hamisha uzito kulia na kushoto bila kuinamisha kichwa. Majirani wa chini watavumilia.

Kona ya kwanza kabisa nianze vipi?

Usianze na kona. Vaa skii moja tu, uizungushe tambarare, ukisukuma kwa mguu wenye buti tupu, kisha badilisha. Halafu vaa zote mbili, tembea, geuka kwa hatua ndogondogo, panda kidogo kwa ubavu. Kisha teleza moja kwa moja kutoka kimo kidogo hadi usimame mwenyewe. Baadaye tanua mikia uwe kwenye kabari, teleza hivyo, jifunze kabari ndogo ya kupunguza mwendo na kubwa ya kusimama. Kabari inatanuliwa kwa kuzungusha nyayo na kusukuma visigino nje. Magoti yasigongane, na ncha zisipandane.

Ukiweza kusimama unapotaka, ndipo ukate kona moja. Moja tu, kushoto, hadi usimame. Jikusanye. Kisha moja kulia, hadi usimame. Kuunganisha kona mbili kuje baada ya kila moja peke yake kukubali.

Kila mtu anasema "mguu wa nje, mguu wa nje". Maana yake nini hasa?

Hili ndilo swali lenyewe. Ukilielewa kwa miguu, mengine yote yanakuwa marekebisho.

Ukiwa kwenye kabari, skii ya kulia imeelekea kushoto, na ya kushoto imeelekea kulia. Zinashindana. Uzito ukiwa sawa hakuna inayoshinda, unashuka moja kwa moja. Ongeza uzito juu ya skii ya kulia, ya kulia inashinda, na unakwenda kushoto. Hakuna usukani mwingine. Huhitaji kuzungusha mabega wala kiuno, wala kutupa mikono. Simama zaidi juu ya mguu wa nje, subiri, na skii itakata kona.

Neno "subiri" nimelichagua makusudi. Skii haigeuki papo hapo. Ukibebesha mguu wa nje uzito na usione kitu kwa nusu sekunde, unashikwa na wasiwasi, unarusha mabega, na kona inaharibika wakati ilikuwa inaanza. Kuna umbo linalokusaidia: skii ni pana mbele na nyuma, nyembamba katikati. Ikilala kwenye ukingo wake na kubeba uzito, hupinda na kuchora tao. Skii zenye kiuno namna hiyo zilienea miaka ya 1990, na ndizo zimefanya kona ziwe rahisi kuliko enzi za mbao ndefu zilizonyooka. Kazi yako ni kuipa uzito na muda.

Tatizo ni kwamba mwili unataka kufanya kinyume. Baiskeli na pikipiki zimetufundisha kuinamia ndani ya kona. Mlima nao unatutisha, kwa hiyo tunaegemea upande wa juu, mbali na bonde. Vyote viwili vinaupeleka uzito kwenye mguu wa ndani, yaani mguu usiotakiwa. Skii ya nje inabaki tupu na kuserereka, miguu inaachana, na unaangukia upande wa mlima ukishangaa kwa sababu ulidhani umejilinda.

Mazoezi ya kulirekebisha ni mengi, mimi ninapenda matatu. La kwanza, katika kila kona gusa goti la nje kwa mkono wa upande huohuo, na uendelee kuligusa hadi kona iishe. Kushoto unakwenda, mkono wa kulia uko kwenye goti la kulia. Linaonekana la kitoto, lakini huwezi kulifanya ukiwa umeegemea ndani. La pili, tanua mikono kama mabawa na uhakikishe bawa la nje liko chini kidogo. La tatu ni la baadaye, ukishatulia: ukiwa unavuka mteremko kwa ubavu, nyanyua mkia wa skii ya juu sentimita chache, uushushe, uunyanyue tena. Ukiweza kuvuka mteremko wote hivyo, umesimama juu ya mguu unaotakiwa. Usipoweza, usiende kwenye mteremko mkali zaidi kwa matumaini kwamba huko utaweza.

Katikati ya kona naongeza kasi ghafla. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea. Kila kona lazima ipite kwenye mstari wa mteremko, na hapo ncha zikiwa zimetazama bondeni moja kwa moja, kasi huongezeka. Kosa hutokea baada ya hapo: mtu anashtuka, anazipindua skii kwa nguvu, anaserereka, kisha anavuka mteremko kwa mstari mrefu akitafuta ujasiri wa kona inayofuata. Njia yake kwenye theluji inafanana na herufi Z. Unayoitaka ni S.

Kasi hupunguzwa na mwisho wa kona. Endelea kusimama juu ya mguu wa nje hadi skii ziwe zimevuka mteremko kabisa, hata zipande juu kidogo, na mwendo utakufa wenyewe. Hesabu kwa sauti, polepole: moja na mbili unaziachia skii zielekee bonde, tatu uzito umetua mguu wa nje, nne na tano unakamilisha. Anayefika tano kabla ncha hazijatazama chini amekimbiza kona. Kuhesabu kwa sauti kuna faida nyingine: huwezi kubana pumzi ukiwa unaongea.

Kona ya kushoto inakubali, ya kulia inakataa kabisa.

Karibu kila mtu ana upande mmoja mbaya. Usiukwepe kwa kukata kona nzuri tu na kuikimbiza ile mbaya. Vuka mteremko kuelekea upande ambao kona mbaya inamalizikia. Elekeza skii kidogo bondeni, kisha zirudishe kwa nusu kona ileile inayokutesa, kisha elekeza tena bondeni, rudisha tena, bila kubadilisha upande. Kwa uvukaji mmoja unapata marudio manne au matano ya kitu kimoja. Kagua pia buti ya mguu wa nje wa kona hiyo. Mara nyingine ubaya wote ni kifungo kilicholegea.

Lini niache kabari? Naona aibu, watoto wananipita na skii zao sambamba.

Aibu ya nini? Kabari ina heshima zake. Mathias Zdarsky wa Lilienfeld, Austria, alikuwa akishuka milima mikali kwa kutanua mkia wa skii, fimbo moja tu mkononi, na mwaka 1905 aliandaa hapo mbio za kuzunguka nguzo. Hannes Schneider alifungua shule ya skii St. Anton, hukohuko Austria, mwaka 1921, na mpangilio wake wa kuanza na kabari, kupita kwenye kona ya kutanua skii moja, hadi skii sambamba, bado ndio uti wa mgongo wa madarasa mengi, pamoja na mabadiliko yote. Wanazi walimfunga mwaka 1938. Mwaka uliofuata alihamia North Conway, New Hampshire, akaendelea na kazi yake.

Usiziunganishe skii kwa nguvu. Ukisimama sawasawa juu ya mguu wa nje na ukaongeza mwendo kidogo, mguu wa ndani unakuwa mwepesi, na mwisho wa kona utaukuta umejisogeza wenyewe kando ya mwenzake. Siku nyingine unajisogeza mapema zaidi, katikati ya kona. Hivyo ndivyo kabari inavyokufa, kuanzia mwisho wa kona kurudi mwanzo. Anayebana miguu pamoja siku ya pili ili afanane na wazoefu anapoteza mizani na kujifunza tabia atakayoilipia kuiacha.

Zoezi la kuharakisha hili ni kuserereka kwa ubavu. Simama umekingama na mteremko, kingo za juu zikiwa zimeshika. Lainisha vifundo polepole hadi skii zilale kidogo na kuanza kushuka kwa ubavu, kisha zishikishe tena usimame. Usizilaze hadi ukingo wa chini ukamate, utarushwa bondeni. Zoezi hili linafundisha kuachia na kushika, na pia litakuokoa siku utakapojikuta kwenye mteremko unaokushinda: unaserereka hadi chini bila kukata kona hata moja.

Nichukue fimbo?

Mwanzoni ziache. Zinakupa kitu cha kuegemea wakati unajifunza kutoegemea. Ukizichukua, urefu wake upime hivi: igeuze fimbo kichwa chini, ishike chini ya kile kisahani kilicho karibu na ncha, na kiwiko kiwe pembe mraba. Ukianguka, ziachie. Kidole gumba huumia sana kwa watu wanaoanguka wameng'ang'ania fimbo.

Mteremko gani ni wa kwangu?

Austria, Ujerumani na Uswisi hutumia bluu, nyekundu na nyeusi, bluu ikiwa rahisi kuliko zote. Ufaransa huongeza kijani chini ya bluu. Nchini Austria bluu haitakiwi kuzidi mwinuko wa asilimia 25, na nyekundu asilimia 40, isipokuwa vipande vifupi. Marekani na Kanada alama ni duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi, na kila mlima hujipimia wenyewe, hivyo kijani cha mlima mmoja kinaweza kukushangaza ukitoka kwenye kingine. Msije mkachanganya: bluu ya Austria ni ya kuanzia, bluu ya Colorado ni hatua ya pili.

Wala usidharau kilima kifupi. Buck Hill, kule Burnsville, Minnesota, haufiki mita 100 kutoka juu hadi chini, na hapo ndipo Lindsey Vonn, bingwa wa skii wa Marekani, alikolelewa kimchezo chini ya kocha Erich Sailer, mzaliwa wa Austria, kabla ya dhahabu yake ya Olimpiki ya Vancouver 2010. Ufupi una faida: unashuka, unapanda, unarudia, makumi ya mara kwa jioni moja. Waliopo Ghuba wana Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya Mall of the Emirates. Theluji ya ndani haibadiliki sana na hakuna upepo, kwa hiyo kwa kusimama na kona za kwanza pale panatosha kabisa.

Jana niliweza, leo siwezi kitu. Kwa nini?

Tazama theluji kabla hujajilaumu. Asubuhi, njia iliyochanwa na mashine ni laini na imara. Baada ya usiku wa baridi kali inaweza kuwa karibu barafu, na ukingo usiobebeshwa uzito hauishiki. Mchana wa Machi jua huilainisha, ikarundikana vilima vidogo vinavyokamata skii. Kwa anayeanza, saa nzuri ni asubuhi ya kati, jua likishalegeza ngozi ya juu na kabla umati haujaivuruga.

Nikianguka?

Angukia ubavuni, upande wa mlima, na usijaribu kuinuka ukiwa bado unateleza. Ukishaacha kuteleza kabisa, geuza skii ziwe chini yako, zimekingama na mteremko, kisha jisukume kwa mikono. Ikishindikana, vua skii ya juu, inuka, uvae tena. Ya chini huvaliwa kwanza kama zote mbili zimetoka.

Hijabu, misuko, ngozi: tufanyeje?

Chini ya helmeti vaa ushungi mwembamba wa kubana, bila pini wala fundo, na ncha zote ziingie ndani ya jaketi. Kitambaa kinachopepea hakifai karibu na lifti, ile mitambo ya kupandisha watu mlimani. Misuko iliyolala kichwani inakubaliana na helmeti. Rasta zilizofungwa juu ya kisogo huisukuma mbele hadi kwenye macho, zifunge chini shingoni. Kuhusu ngozi, theluji hurudisha mwanga wa jua usoni kutoka chini, na ngozi nyeusi nayo huungua. Paka losheni ya jua hadi chini ya kidevu, paka midomo, na usivue miwani kwa ajili ya picha ndefu.

Mume wangu anajua skii. Anifundishe yeye?

Akusindikize. Akufundishe mwalimu. Darasa la kundi la siku mbili tatu lina faida kuliko kulipia lifti za mlima mzima ambao huwezi kuushuka, na mwalimu hatakupeleka juu kabisa kwa kisingizio cha mandhari. Mwenzi hukupeleka. Kisha husimama mita 50 chini akipaza sauti "kunja magoti!", ushauri ambao, kama tulivyoona, nusu yake ni kosa.

Nani anatakiwa kumpisha mwenzake?

Aliye juu humchunga aliye chini. Hii ni moja ya kanuni kumi za Shirikisho la Kimataifa la Skii na Snowboard, FIS, zilizoanza mwaka 1967. Anayetoka nyuma ndiye achague njia isiyomhatarisha aliye mbele, kwa hiyo usigeuze shingo kutazama nyuma katikati ya kona. Lakini ukianza kushuka baada ya kusimama, au ukiingia kwenye njia, tazama juu kwanza. Na usisimame mahali pembamba au chini ya kilima ambapo wajao hawakuoni.

Nina miaka 52. Nimechelewa?

Kwa Olimpiki, ndiyo. Kwa kona nzuri kwenye bluu, hapana. Mtu mzima anajifunza kwa kuelewa, mtoto anajifunza kwa kuiga, na kwa suala la mguu wa nje kuelewa kunasaidia sana. Kinachobadilika na umri ni mapumziko. Fanya zoezi moja kwa dakika kumi hivi, kisha shuka mara mbili tatu bila kufikiria chochote, kisha zoezi lingine. Saa mbili nzuri asubuhi zinazidi siku nzima ya kujikokota.

Miguu iliyochoka hurudi nyuma yenyewe, hata ya mwalimu. Ukiona muundi umeacha kugusa ulimi wa buti na huwezi tena kuurudisha, siku imekwisha. Kama uko juu na kuna gondola, kile kibanda kinachoning'inia kwenye kebo, panda ushuke nayo. Kama ni lifti ya viti, muulize mhudumu, baadhi huruhusu kushuka nazo.